Tauni na matuta ya Nili: kisa cha Misri ya Wamamluki, 1347–1525

Vuli ya 1347 merikebu moja ilitia nanga Aleksandria. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo aliyekusanya habari za waliomtangulia, anasema ilikuwa imepakia watu 300: wafanyabiashara 32, waliobaki mabaharia na watumwa. Waliofika hai ni wafanyabiashara wanne, mtumwa mmoja na mabaharia kama arobaini, na hao nao wakafia mjini. Mwaka uliofuata tauni ilienea Delta yote, ikaingia Kairo, ikaufuata mto kuelekea Misri ya Juu, yaani upande wa kusini.

Ninachotaka kukichambua hapa ni zaidi ya vifo. Tauni ile iliua theluthi moja ya watu au zaidi katika nchi nyingi ilizopita, na pigo lililoipata Misri halikuwa mbali na lile lililoipata Uingereza. Lakini baada ya miaka mia moja hivi kibarua wa Uingereza alikuwa anakula na kulipwa vizuri kuliko babu zake, wakati Misri, ghala la nafaka tangu zama za Warumi, ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya mashamba yake. Jibu linalotolewa upesi ni dini: eti Waislamu walikunja mikono wakaiachia kadari. Jibu hilo si la kweli. Baya zaidi, linaficha kilichoiangusha Misri hasa, yaani matuta ya udongo yaliyoyashika maji ya Nili, na watu ambao hawakuwa na faida yoyote ya kuyatunza.

Tuanze na mzigo wa merikebu. Kwa nini kulikuwa na watumwa wanaopelekwa Misri? Wamamluki, waliotawala Misri tangu 1250 na Shamu tangu 1260, walikuwa askari walionunuliwa. Vijana wa Kikipchaki kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi waliletwa Kairo, wakasilimishwa, wakafunzwa farasi, upinde na mkuki, kisha wakaachwa huru wakiwa askari. Hodari wao akawa amiri, na amiri aliyewazidi wenzake nguvu akawa sultani. Ni jeshi hili lililowashinda Wamongolia pale Ain Jalut mwaka 1260, miaka miwili tu baada ya Baghdad kuteketezwa na khalifa kuuawa. Baybars, sultani aliyefuata, alimkaribisha Kairo mtu wa ukoo wa Abbas akamsimika khalifa, na kuanzia hapo Kairo ikawa mji mkuu wa dunia ya Kiislamu kwa maana zote zilizokuwa na uzito wakati ule.

Jeshi la namna hiyo lina tabia moja ambayo msomaji aishike vizuri, kwa sababu tutaihitaji mbele: mtoto wa mamluki, kwa kanuni, hakurithi nafasi ya babaye. Kila kizazi kilinunuliwa upya. Ukoo wa sultani Qalawun ulifaulu kukalia kiti kwa miaka mingi, lakini maamiri na askari wa kawaida waliishi kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo dola haikuweza kuishi bila meli za kutoka Bahari Nyeusi.

Njia yenyewe ilipitia mikono ya watu waliotofautiana karibu kwa kila kitu. Nyika zilikuwa chini ya Wamongolia wa Volga, ambao makhani wao waliingia Uislamu na kufanya urafiki na Kairo dhidi ya Wamongolia wa Uajemi. Bandari ya Kaffa huko Krimea ilishikwa na Wagenoa, Wakristo. Mlango wa bahari ulikuwa Constantinople, kwa mfalme wa Byzantium. Mapapa walikataza mara kwa mara kuwauzia Waislamu silaha na watumwa, na biashara iliendelea, kwa sababu kila aliyekuwa kwenye mnyororo huo alifaidika, isipokuwa kijana aliyeuzwa.

Tauni ilipita kwenye mnyororo huo huo. Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kirgizia ya leo, kuna makaburi ya Wakristo wa Mashariki ya mwaka 1338 na 1339, na baadhi ya mawe yake yanataja ugonjwa ulioua. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba meno ya waliozikwa pale yana vinasaba vya Yersinia pestis, bakteria ya tauni. Kufikia 1346 ugonjwa ulikuwa kwenye jeshi la Khan Janibek wa Wamongolia wa Volga lililoizingira Kaffa. Kisa cha maiti kurushwa kwa mitambo ndani ya kuta za mji kinapendwa sana, lakini aliyekiandika, Gabriele de' Mussi, alikuwa mwanasheria wa Piacenza huko Italia na hakuwepo. Mimi naona maelezo ya nafaka yana nguvu zaidi. Vita vilifunga biashara ya ngano ya Bahari Nyeusi. Mapatano yalipopatikana 1347, meli zilisafiri zikiwa zimejaa nafaka, na penye nafaka pana panya, na penye panya pana viroboto. Mwaka huo huo ugonjwa ukafika Constantinople, Sicilia na Aleksandria.

Kairo ya wakati ule ilikuwa na watu wa kuhesabiwa kwa malaki, mji mkubwa kupita wowote wa Ulaya ya magharibi. Kwenye kiti alikuwapo mtoto, al-Nasir Hasan, aliyesimikwa mwishoni mwa 1347 kabla hajabaleghe, huku maamiri wakivutana nyuma yake. Vifo vilifikia kilele kati ya Oktoba 1348 na Januari 1349. Wengine walitoka mitoki kinenani na kwapani wakaishi siku chache. Waliopatwa na tauni ya mapafu walitema damu na mara nyingi hawakuiona kesho. Al-Maqrizi anaeleza jinsi mtu alivyoweza kutembea kutoka Bab Zuwayla hadi Bab al-Nasr, njia kuu ya mji iliyojaa watu mchana kutwa, bila kusukumana na mtu. Majeneza yalikwisha, maiti wakabebwa juu ya mbao na milango. Watu waliacha kazi zao wakawa wasomaji wa Kurani mazishini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyolipa. Mali moja iliweza kupita kwa warithi kadhaa ndani ya siku moja. Sultani na maamiri wake walihamia Siryaqus, nje ya mji.

Sasa dini. Mafundisho waliyokuwa nayo Waislamu kuhusu tauni yalikuwa ya kale: usiingie nchi yenye tauni, wala usitoke humo kwa kuikimbia ikiwa imekukuta, na Mwislamu afaye kwa tauni ni shahidi. Hadithi hiyo ilitajwa mwaka 639, Khalifa Umar alipofika Sargh njiani kwenda Shamu akaambiwa kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi lake la Shamu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Anayedai kwamba Uislamu uliwafundisha watu kukaa na kungoja kifo na akisome kisa hicho kwanza.

Na walioishi wakati wa tauni hiyo hawakufikiri kwa namna moja. Julai 1348 Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Dameski. Anasimulia jinsi naibu wa sultani, Arghun Shah, alivyoamuru watu wafunge siku tatu, kisha mji mzima ukakesha msikitini na asubuhi ukatoka miguu mitupu hadi Msikiti wa Nyayo, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto, wote wakilia na kuomba. Februari 1349 huko Strasbourg, Ulaya, kabla tauni haijaingia mjini, Wayahudi walichomwa moto kwa shutuma kwamba wametia sumu visimani. Siandiki haya ili kumpaka mtu mafuta: mwaka 1354 serikali ya Kairo iliwanyang'anya Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, ardhi ya makanisa, kiasi cha feddani 25,000. Lakini mkusanyiko wa Dameski ulikuwepo, na unastahili kukumbukwa.

Granada, huko Hispania, alikuwapo Ibn al-Khatib, waziri na tabibu, aliyeandika wazi kwamba ugonjwa unaambukiza, kwa ushahidi wa nguo, vyombo na watu waliojitenga wakasalimika. Kairo, miaka mingi baadaye, alikuwapo Ibn Hajar al-Asqalani, jina asilolikosa mtu yeyote aliyekaa kwenye darasa la hadithi. Huyu tauni ilimchukulia mabinti watatu, wa tatu akiwa na mimba. Mwaka 1430 alishuhudia watu wakitoka mjini kwenda jangwani kuomba kwa pamoja, na akaandika hesabu: kabla ya kutoka waliokufa kwa siku hawakufika 40; mwezi haukuisha baada ya kurudi, wakawa zaidi ya 1,000 kwa siku. Naipenda kumbukumbu hiyo kuliko nyingine zote za tauni ya Misri, kwa kuwa imeandikwa na mwanachuoni aliyeamini kwa moyo wote kwamba waliokufa ni mashahidi, na bado akaona, akahesabu na akapinga mkusanyiko ule.

Basi kama dini si sababu, twende mashambani.

Misri haina mvua ya kutegemea. Wakati ule Nili ilianza kujaa katikati ya mwaka na kufikia kilele kati ya Agosti na Septemba. Wakulima walikuwa wameigawa bonde kuwa majaruba makubwa mno, kila moja limezungushiwa tuta. Mifereji iliingiza maji ya mafuriko, yakatuama juu ya ardhi wiki kadhaa yakiacha tope lenye rutuba, kisha yakafunguliwa yakashuka kwenye jaruba linalofuata au kurudi mtoni. Baada ya hapo ndipo ngano, shayiri, maharage, kitani na majani ya mifugo vikapandwa juu ya tope lenyewe. Mafuriko pia yalikuwa adui wa kazi hiyo. Kila mwaka yalibomoa matuta na kujaza mifereji mchanga, kwa hiyo kila mwaka, kati ya mavuno na mafuriko mengine, ilibidi maelfu ya watu na ng'ombe watoke kuchimba na kujenga upya.

Kulikuwa na matuta ya aina mbili. Matuta ya kijiji yalihudumia kijiji kimoja na yalitengenezwa na wenye kijiji. Matuta ya sultani yalihudumia mkoa mzima, na kazi yake ilisimamiwa na maamiri waliotumwa kila mwaka kutoka Kairo, kwa kodi maalumu na kwa nguvu za watu waliotolewa shokoa vijijini. Chini ya sultani al-Nasir Muhammad, aliyefariki 1341, mfumo ulikuwa katika hali nzuri kabisa. Mfereji wa Aleksandria, uliounganisha bandari na Nili, ulichimbuliwa upya karibu 1310 kwa makumi ya maelfu ya vibarua, na vijiji vipya vikaota kando yake.

Ardhi yote hiyo ilikuwa mshahara wa jeshi. Kila askari na kila amiri alipewa iqta, yaani haki ya kuchukua kodi ya mashamba fulani. Katika upimaji mkuu wa 1315 sultani aliirudisha ardhi mkononi mwake akaigawa upya: fungu la sultani mwenyewe likapanda kutoka sehemu 4 hadi 10 kwa kila 24, na maamiri wakapewa mafungu yaliyotawanywa huku na huku ili asiwepo mwenye himaya yake mahali pamoja. Kwa usalama wa kiti hilo lilikuwa jambo la busara. Mwenye iqta aliishi Kairo, hakujua kijiji chake, aliweza kuhamishiwa fungu jingine kesho, na akifa mwanawe hakurithi. Mtu wa namna hiyo anataka mavuno ya mwaka huu. Tuta litakalodumu miaka kumi linamfaa mtu mwingine asiyemjua.

Mfumo huu ulisimama kwa sababu wakulima walikuwa wengi na sultani alikuwa na nguvu ya kuwalazimisha maamiri wafanye kazi ya mkoa. Tauni iliondoa nguzo zote mbili kwa mpigo. Al-Maqrizi anatoa mfano wa Asyut, ambako walipa kodi waliokuwa 6,000 walibaki 116. Msimu wa mavuno ulipofika, wenye iqta walitoka Kairo na vijana wao kwenda kuvuna wenyewe. Walitangaza kwamba atakayevuna atapata nusu ya alichovuna, na hawakupata mtu. Wakapura kwa farasi wao walichoweza, kilichobaki wakakiacha shambani. Askari walikufa wengi hata iqta zikaangukia mikononi mwa washona nguo na washona viatu, waliovaa mavazi ya kijeshi wakapanda farasi.

Mahali hapa ndipo Misri na Uingereza zilipoachana. Shamba la Uingereza linanyeshewa na mvua. Nusu ya kijiji ikifa, nusu iliyobaki inalima mashamba mazuri zaidi, na lililoachwa linakuwa malisho ya kondoo. Mabwana walijaribu kuuzuia mshahara usipande kwa amri ya 1349 na sheria ya 1351, lakini kila bwana alikuwa na ardhi yake ya kurithi na aliogopa kuiona imekaa bure, kwa hiyo alimwongezea mkulima wa jirani yake kisirisiri ili ahame. Uasi wa wakulima wa 1381 ulizimwa kwa damu, na bado mkulima aliendelea kupata.

Misri ilikuwa kinyume. Kufa kwa nusu ya watu hakukupunguza kazi ya matuta hata kidogo. Urefu wa tuta ulibaki ule ule, mchanga ule ule ukashuka na mto, na mikono ya kuuzoa ikawa nusu. Tuta moja likipasuka, maji yanakimbia kabla ya wakati. Jaruba la juu linakauka na la chini linakuwa kinamasi. Kijiji kilichosalimika na tauni kiliweza kufa kwa sababu kijiji cha jirani kimekosa watu wa kutengeneza tuta. Ardhi iliyoachwa haikungoja kuwa malisho. Ilirudi kuwa vumbi au matope, na mara nyingi Mabedui na mifugo yao wakaingia palipokuwa na mashamba.

Kwa nini basi wenye iqta hawakuungana kuyaokoa matuta? Kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kufanya hivyo peke yake, na hapakuwa na sultani wa kuwalazimisha wote. Hasan alipinduliwa 1351, akarudishwa 1354, akauawa 1361. Kilichokuwa rahisi kwa maamiri ni kuwabana waliobaki: kodi ile ile ya kijiji cha zamani kwa watu wachache, na kuwarudisha kwa nguvu waliotoroka. Walifanya hivyo kama tabaka moja, bila ule ushindani wa mabwana wa Uingereza uliomwinua mkulima. Fedha za matuta zikaanza kuishia mifukoni mwa waliotumwa kuyakagua. Mkulima aliyebanwa akakimbilia Kairo, tuta likakosa mtu mwingine tena. Mzunguko huo ndio uliokula nchi, na tauni yenyewe ilikuwa inarudi kila baada ya miaka minane au tisa kwa wastani, kuwachukua waliozaliwa katikati.

Wamamluki waliendelea pia na biashara iliyowaletea ugonjwa: askari waliokufa kambini walijazwa na wengine walionunuliwa, safari hii wengi wakiwa Wacherkesi wa milima ya Kaukazi, na bei ya kijana mmoja ilihitaji dhahabu ambayo mashamba hayakuitoa tena. Mfereji wa Aleksandria ulijaa mchanga usipitike. Sultani Barsbay aliuchimbua katika miaka ya 1420, ukajaa tena. Barsbay ndiye anayeonyesha vizuri dola iliyokosa ardhi inavyotafuta pa kushika. Aliifanya sukari kuwa biashara ya sultani, kisha pilipili; akazivuta meli za India kutoka Aden hadi Jeddah ili ushuru uingie kwake; akauvunja uwezo wa wafanyabiashara wa Karimi, waliokuwa wameibeba biashara ya viungo kwa vizazi. Mwaka 1438 tauni iliporudi, aliwauliza makadhi ni dhambi gani inayoleta adhabu hiyo, wakataja zinaa na wanawake kujipamba njiani, naye akapiga marufuku wanawake kutoka nje. Wanawake walioishi kwa kuuza na kuhudumu mitaani walikosa riziki, na kina mama walizuiwa hata kufuata majeneza ya watoto wao. Barsbay mwenyewe alifariki mwaka huo huo.

Kumbukumbu za serikali zinataja kodi ya ardhi ya zaidi ya dinari milioni 9 katika upimaji wa 1315. Waosmani, Waturuki wa Istanbul, walipoichukua nchi mwaka 1517, zinatajwa chini ya milioni 2. Dinari za hesabu mbili hizo hazikuwa sawa, na mtu asizigawanye kama anayefunga vitabu vya duka, ila mwelekeo wake hauna ubishi. Ndiyo maana Wareno walipoizunguka Afrika, wakafika Malindi na Calicut ya India mwaka 1498, wakaivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na kuzishinda meli za vita za Kairo pale Diu, pwani ya India, mwaka 1509, pigo hilo liliitia dola jeraha kubwa kuliko lingeitia mwaka 1340. Pilipili ilikuwa imebebeshwa mzigo ambao ngano iliuacha.

Waosmani waliwashinda Wamamluki pale Marj Dabiq, Shamu, Agosti 1516 na pale Ridaniyya, karibu na Kairo, Januari 1517. Watawala wapya walikuta nchi ile ile, mto ule ule na tauni ile ile, wala hawakuwa na dawa ya ugonjwa. Walichokiondoa ni iqta. Mwaka 1525 waziri Ibrahim Pasha alitoa kanuni ya kuiendesha Misri, na ndani yake maofisa wa mikoa wanaamriwa kwa jina la cheo chao kutengeneza matuta na mifereji kwa wakati, wakuu wa vijiji wanabebeshwa yale ya vijiji vyao, na adhabu inatajwa kwa atakayeacha ardhi ikakosa maji kwa uzembe wake.